Kikomo cha 95: uchambuzi wa kisa cha mashine ya utafiti iliyosahaulika ndani ya mtandao wa chuo

Kisa hiki kinawahusu wanaoendesha maabara za utafiti wa mitandao vyuoni, pamoja na wahandisi wa TEHAMA wanaoishi nazo jengo moja. Chuo ni cha umma na kipo Tanzania. Jina lake, mji, mtoa huduma wa intaneti na wahusika wote wameondolewa; watatajwa kwa nafasi zao tu. Maelezo yametokana na grafu za ruta, barua zilizoandikwa wakati wa mgogoro, na mazungumzo na watu waliokuwepo.

Usuli

Maabara ni chumba kimoja katika jengo la sayansi ya kompyuta. Ina mhadhiri mmoja anayeiongoza, wanafunzi wachache wa uzamili, na kila mwaka wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaokuja kufanya miradi yao ya mwisho. Katika raki moja wamepanga ruta na swichi zilizostaafishwa na kurugenzi ya TEHAMA. Humo ndimo wanamojifunza kuharibu na kutengeneza bila kumkera mtu. Kila wiki kuna semina ya kusoma makala. Maabara pia inatunza kifaa kimoja cha RIPE Atlas, kile kidude kidogo kinachopima pingi (muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi), njia za pakiti (vipande vidogo ambavyo data husafiri navyo) na majibu ya DNS (mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) saa 24 na kutuma matokeo kwenye mfumo wa kimataifa wa vipimo. Kidude hicho kitarudi mbele.

Kurugenzi ya TEHAMA ni idara nyingine kabisa, yenye bajeti yake, wahandisi wake na lawama zake. Mtandao ukikatika simu zinaita kwao, si maabara.

Mwaka 2021 mabweni yalikuwa na laini yao ya megabiti 100 kwa sekunde. Mchana ilitosha. Kuanzia saa mbili usiku ikawa kilio: ukurasa haufunguki, simu za WhatsApp zinakatikakatika, mfumo wa kusajili masomo unamtoa mtu nje kabla hajamaliza. Jibu la kila mwaka lilikuwa moja: tuongeze uwezo wa laini. Kila mwaka kitengo cha manunuzi kikajibu kwamba fedha hazipo.

Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliamua kupima kabla ya kuamini. Alichokikuta kinajulikana vizuri kwa watafiti wa mitandao: tatizo la bafa zilizovimba, yaani kumbukumbu kubwa mno ambamo vifaa hupanga pakiti zinazosubiri kutumwa, ambalo mhandisi wa programu Jim Gettys alilipigia kelele kuanzia mwaka 2010. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua laini ya megabiti 100 kwa sekunde na mbele yake kifaa chenye bafa ya megabaiti 10. Megabaiti 10 ni megabiti 80. Bafa ikijaa, pakiti inayojiunga mwisho wa foleni inasubiri sekunde 0.8 kabla ya kutoka. Kwa anayepakua filamu hilo si kitu. Kwa anayepiga simu ni balaa. TCP, itifaki inayoongoza mwendo wa data nyingi za intaneti, haisaidii hapo, maana hupunguza mwendo inapoona pakiti zimepotea, na bafa kubwa haipotezi pakiti, inazilimbikiza.

Dawa ipo tangu 2012, pale watafiti wa mitandao Kathleen Nichols na Van Jacobson walipotoa CoDel. Algorithimu hiyo haijali foleni ina urefu gani; inajali pakiti imekaa humo muda gani. Muda wa kusubiri ukibaki juu ya milisekunde 5 kwa kipindi cha milisekunde 100, inaanza kudondosha pakiti, na watumaji wanapata ujumbe. Mwaka 2018 mfumo endeshi wa Linux ukapokea CAKE, iliyojengwa juu ya wazo hilo hilo ikiongeza ugawaji wa haki kwa kila kompyuta. Kama ilivyo kwenye bomba la maji la mtaa lenye msimamizi mkali, kila mtu ndoo moja kwa zamu, hata aliyekuja na madumu ishirini.

Kuna sharti moja, na kisa chote kinasimama juu yake. CAKE inafanya kazi pale tu foleni inapojengeka ndani ya mashine yako. Ikijengeka kwenye kifaa cha mtoa huduma, wewe huna la kufanya. Kwa hiyo unaiambia mashine yako itoe data kwa kasi iliyo chini kidogo ya laini uliyonunua, ili yenyewe iwe ndiyo mahali pembamba zaidi njiani. Laini ikiwa ya 100, unaandika 95. Namba hiyo inaandikwa kwa mkono.

Ilivyowekwa

Mwanafunzi alichukua kompyuta ya mezani ya zamani, lile boksi ambalo kila mtu huliita sipiyu, akaongeza kadi mbili za mtandao na kuweka Linux. Akaiunganisha kama daraja kati ya swichi kuu ya mabweni na ruta ya mpakani: kebo moja inaingia, nyingine inatoka, katikati CAKE imewekewa 95 pande zote mbili.

Uamuzi wa kutumia daraja badala ya ruta ulikuwa mzuri kiufundi. Daraja halihitaji kubadilisha anwani hata moja, na likiharibika unachomoa kebo mbili na kuziunganisha moja kwa moja, mabweni yanarudi hewani. Ila lina tabia nyingine. Halionekani. Ukifuatilia njia ya pakiti kutoka bwenini kwenda nje, daraja halihesabiwi kama kituo, kwa sababu halipunguzi kile kihesabio cha maisha ya pakiti ambacho ruta zote hukipunguza.

Kibali cha kuiweka kilitolewa kwa mdomo. Mkurugenzi wa TEHAMA wa wakati huo aliwaambia, kwa maneno ya mkuu wa maabara, "wekeni wiki sita, tukiona matatizo tunaitoa." Sababu ya kutoandika ilikuwa ya kawaida: barua rasmi ingepita kamati, kamati ingekaa muhula ujao, na mwanafunzi alikuwa na tasnifu ya kukabidhi. Kilichoandikwa ni kibali cha kamati ya maadili ya utafiti pekee, kilichoruhusu kukusanya vichwa vya pakiti (sehemu ya mwanzo inayosema pakiti inatoka wapi na inakwenda wapi) na maswali ya DNS kwa wiki hizo sita.

Matokeo yaliwafurahisha wote. Muda wa pingi wakati wa usiku, ambao ulikuwa ukipanda hadi karibu sekunde nzima, ulibaki kwenye makumi ya milisekunde. Simu hazikukatika tena. Wiki sita zilipokwisha mkurugenzi akasema isiguswe. Nani angeigusa? Laini ni ile ile, fedha haikutoka, kelele zimeisha. Mwanafunzi akabandika karatasi juu ya sipiyu, UTAFITI – USIZIME, akatetea tasnifu, na mwaka 2022 akapata kazi nje ya nchi. Maelezo ya makabidhiano aliyaacha kwenye faili moja katika kompyuta ya maabara. Kompyuta hiyo ilifutwa na kuwekewa mfumo upya mwaka uliofuata ili itumike kufundishia. Mkurugenzi naye akahamishwa.

Megabiti 300 zisizofika

Mapema mwaka 2024 fedha zilipatikana. Mkataba mpya ukapandisha laini ya mabweni kutoka megabiti 100 hadi 300. Kurugenzi haikuona sababu ya kuiarifu maabara, kwa kuwa katika michoro yote ya mtandao iliyokuwepo maabara haikuwa na kitu chochote kwenye njia hiyo. Mtoa huduma alibadilisha mipangilio upande wake, akatuma barua kwamba kazi imekamilika, na ankara mpya zikaanza kuja.

Wanafunzi hawakuona tofauti. Malalamiko ya mwanzo yalikuwa ya aina ya ajabu kidogo, na kama kungekuwa na mtu wa maabara kwenye dawati la huduma, huenda kisa kingeishia hapo. Hawakusema mtandao unakwama. Walisema hauna kasi: video inashuka ubora, faili kubwa linachukua usiku kucha, lakini simu ya WhatsApp haina shida. Laini iliyojaa bila usimamizi huwa inaharibu simu kwanza. Ukipata laini yenye kasi ndogo na pingi nzuri kwa wakati mmoja, jua kuna mtu anaipanga foleni.

Kisha ikaja tarehe 12 Mei 2024. Mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kwa wiki kadhaa kila tatizo la mtandao lilikuwa na jibu moja, mkongo. Malalamiko ya mabweni yakafungwa kwa jibu hilo hilo na hayakufunguliwa tena hadi muhula mpya ulipoanza.

Baada ya hapo mhandisi wa zamu alifanya kile ambacho kingefanywa miezi mingi kabla: alifungua grafu ya ruta ya mpakani. Kila usiku mstari wa mabweni ulipanda, ukafika chini kidogo ya 95, ukalala bapa hadi usiku wa manane. Siku zote, namba ile ile. Matumizi ya watu hayaendi hivyo. Mstari uliokatwa juu namna hiyo ni kikomo.

Swali likawa kikomo cha nani. Dhana ya kwanza ilimwangukia mtoa huduma, na haikuwa dhana ya ovyo, maana ni kawaida mteja kuongezewa uwezo kwenye karatasi huku kikomo cha zamani kikibaki kwenye kifaa. Barua ya kwanza ikaenda. Fundi wa mtoa huduma alikuja asubuhi, akachomeka kompyuta mpakato mahali laini inapoingilia chuoni, akapata karibu 300 kamili, akapiga picha ya skrini na kuondoka. Kurugenzi ikakataa kipimo hicho kwa madai kwamba kimefanywa wakati laini haina watu. Barua ya pili ikaenda, kali zaidi, ikitaja kusitisha malipo.

Dhana ya pili ndiyo iliyopoteza muda mwingi. Namba iliyo karibu na 95 ina maana nyingine kwa fundi yeyote wa mitandao: ni kile unachokipata kwenye poti ya Ethernet (mtandao wa kebo) iliyojishusha kutoka megabiti 1,000 hadi 100. Hutokea jozi moja ya nyaya ndani ya kebo ikikatika au kichwa cha kebo kikibanwa vibaya, na vifaa vya pande mbili vikakubaliana kimyakimya kushuka. Basi kebo zikabadilishwa. Moduli za mkongo zikabadilishwa. Swichi kuu ya mabweni ikabadilishwa, kazi ya usiku mzima. Poti zote za ruta na swichi zilionyesha 1,000. Usiku uliofuata grafu ikalala pale pale.

Hesabu ya alfajiri

Aliyefumbua fumbo ni mwanafunzi mwingine wa maabara, ambaye hakuwa na habari yoyote ya mashine ya 2021. Mkuu wa maabara alikuwa amempa zoezi la kawaida la kujifunzia: pima kwa iperf3, programu ya kupima kasi, kutoka bwenini hadi seva iliyo upande wa pili wa ruta, kisha eleza kwa hesabu kila megabiti iliyopotea ilikwenda wapi. Alipima saa kumi alfajiri, watu wamelala, ili kipimo kisichanganyike na matumizi ya wengine. Akapata 91 hivi. Akarudia, 91. Usiku mwingine, 91.

Akaja semina na swali ambalo wahandisi hawakuwa wamejiuliza: kama ni poti ya 100, kwa nini si 94?

Inafaa kuipitia hesabu hiyo. Pakiti ya kawaida ya TCP yenye alama za muda inabeba baiti 1,448 za data halisi. Kwenye waya wa Ethernet, ukijumlisha vichwa vyote, baiti za ukaguzi, utangulizi na nafasi tupu inayotenganisha fremu (pakiti ikiwa imefungwa tayari kwa waya), pakiti hiyo inakula nafasi ya baiti 1,538. Gawanya 1,448 kwa 1,538, zidisha kwa 100: unapata 94.1. Hicho ndicho kiwango cha juu cha poti ya megabiti 100, na kipimo safi hukikaribia sana.

Programu inayoweka kikomo ndani ya Linux haioni utangulizi wala nafasi tupu. Inaona fremu ya baiti 1,514. Gawanya 1,448 kwa 1,514, zidisha kwa 95: unapata 90.9.

Megabiti tatu hizo za tofauti ndizo zilizosema kwamba kikomo ni programu, na kwamba mtu aliandika namba 95. Ilikuwa hoja ya semina tu. Mhandisi wa zamu aliyealikwa siku hiyo aliipokea kwa mashaka. Lakini aliporudi ofisini alikagua jambo moja. Ruta na swichi za chuo hutambuana majirani kwa itifaki ya LLDP. Mchoro ulionyesha kebo moja isiyokatizwa kutoka swichi ya mabweni hadi ruta ya mpakani, hivyo walipaswa kuonana. Hawakuonana. Daraja la Linux, lisipoelekezwa vinginevyo, haliruhusu ujumbe wa LLDP kupita.

Wakaingia chumba cha seva wawili, mhandisi na yule mwanafunzi, wakashika kebo kwa mkono kuanzia kwenye ruta. Ilishuka nyuma ya raki, ikapita chini ya UPS, ikaishia sakafuni kwenye sipiyu iliyojaa vumbi, karatasi yake imepauka kiasi kwamba neno USIZIME ndilo lililosomeka. Feni inazunguka. Taa mbili za kijani zinapepesa.

Maamuzi, na sababu zake

Wakati huo ulikuwa wiki ya mitihani. Njia mbili zilikuwa mezani: kuchomoa kebo mbili na kuipita mashine, au kuingia ndani na kubadilisha namba. Mhandisi alitaka kuchomoa papo hapo. Mkuu wa maabara, aliyepigiwa simu, aliomba isichomolewe kwanza, kwa hoja kwamba hakuna anayejua kingine inachofanya. Nywila hakuna aliyekuwa nayo.

Wakamtafuta mwenyewe, yule mwanafunzi wa 2021, kwa WhatsApp. "Kaka, ile mashine yako ya bwenini bado ipo?" Alijibu baada ya saa chache, akashangaa kuliko wao. Alikuwa ameihifadhi nywila, akaituma, pamoja na sentensi moja: badilisheni 95 iwe 285, pande zote mbili. Usiku huo mstari wa grafu ulipanda kupita 200 kwa mara ya kwanza tangu mkataba mpya uanze.

Ndani ya mashine walikuta jambo jingine ambalo halikuwa la kasi. Programu ya kukusanya data haikuzimwa baada ya zile wiki sita. Iliendelea kuandika vichwa vya pakiti na maswali ya DNS hadi diski ilipojaa, ikakwama hapo. Maswali ya DNS ni majina ya tovuti ambazo kila kompyuta ilizitafuta, yakiwa na anwani ya ndani ya kompyuta hiyo na saa. Kwa rejista ya kurugenzi, anwani hizo zinaweza kurudishwa kwa majina ya wanafunzi. Kibali cha maadili kilikuwa kimekwisha muda wake zamani, na tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikuwa inatumika.

Mkurugenzi mpya alitoa uamuzi siku mbili baadaye: mashine itoke, mitihani iishe au isiishe. Sababu zake zilikuwa kwamba haijasasishwa tangu 2021, haimo kwenye orodha ya mali, ina data isiyo na kibali, na nywila yake imepita kwenye simu ya mtu ambaye si mtumishi wa chuo. Maabara ilipinga kwa maandishi, ikionyesha kwamba bila usimamizi wa foleni tatizo la 2021 litarudi mara megabiti 300 zitakapoanza kujaa. Mkurugenzi hakubadili.

Kuhusu data, ndani ya maabara maoni yaligawanyika. Kulikuwa na waliotaka kuitunza ikiwa imefichwa majina, kwa kuwa rekodi ndefu kama hiyo ya matumizi ya intaneti mabwenini ni adimu na ingezaa makala nzuri. Suala likapelekwa kamati ya maadili. Kamati ikaruhusu kubakiza jumla za kila saa pekee, yaani kiasi cha data na ucheleweshaji, na mengine yote yakafutwa mbele ya shahidi kutoka kurugenzi.

Matokeo

Bila mashine, wiki za mwanzo zilikwenda vizuri sana, na kurugenzi ikapata sifa. Muhula uliofuata, wanafunzi walipozoea kwamba video inafunguka kwa ubora wa juu, laini ilianza kujaa nyakati za usiku, na simu zikaanza kukatika kama zamani. Maabara ilikuwa sahihi.

Kurugenzi ikanunua mashine ndogo ya kukaa kwenye raki, yenye kadi ya mtandao inayojiunganisha yenyewe moja kwa moja umeme ukikatika au mfumo ukiganda. CAKE ikarudi. Safari hii mipangilio iko kwenye hifadhi ya kurugenzi, na namba ya kikomo imeandikwa kwenye fomu ile ile inayojazwa mkataba wa laini unapobadilika. Maabara inasoma takwimu za foleni lakini haina ruhusa ya kubadilisha kitu. Chuo kiliondoa malalamiko dhidi ya mtoa huduma kwa barua fupi. Fedha zilizolipwa kwa miezi ile, takriban theluthi mbili yake ikiwa ni kwa uwezo ambao haukumfikia mtu, hazikuwa na wa kudaiwa.

Uchambuzi

Hadithi inayosimuliwa chuoni ni kwamba mwanafunzi alisahau mashine yake. Siikubali. Mwanafunzi aliomba wiki sita na akaambiwa aiache. Tangu siku ile mashine ilikoma kuwa jaribio na ikawa sehemu ya huduma, na badiliko hilo halikuandikwa popote na mtu yeyote mwenye mamlaka ya kuliandika. Mtu wa kuulizwa ni aliyesema isiguswe, pamoja na mkuu wa maabara aliyekubali kwa sababu mashine inayotumika na maelfu ya wanafunzi inapendeza kwenye ripoti ya mwaka.

Kazi ya kiufundi ya 2021 ilikuwa nzuri, na haifai izikwe chini ya yaliyofuata. Mwanafunzi alipima kwanza, akatambua kwamba shida ni ucheleweshaji, na akaondoa kero kwa kompyuta iliyokuwa inangoja kutupwa. Chuo kilipata miaka miwili na ushei ya utulivu bila kuongeza senti kwenye mkataba. Udhaifu ulikuwa kwenye ile namba. Kikomo cha CAKE ni nakala ya namba iliyo kwenye mkataba, na nakala hiyo ilikaa mahali ambapo wenye mkataba hawapajui. Kwenye kitu cha namna hii hitilafu haiji kwa kishindo. Mashine ingeungua, ingegunduliwa ndani ya saa moja. Ilifanya kazi yake barabara, kwa maagizo ya zamani.

Upimaji nao ulikuwepo, ila mahali pasipofaa. Kidude cha RIPE Atlas kilikuwa kimechomekwa kwenye mtandao wa maabara, nje ya njia ya mabweni, na hakipimi kasi ya kupakua. Kila mara mtu alipouliza, maabara ilijibu kwa nia njema kwamba vipimo vyao viko safi. Vilikuwa safi kweli. Jibu hilo lilizidi kumsukuma mhandisi kuelekea kwa mtoa huduma.

Kwenye mgogoro wenyewe, namwelewa mhandisi aliyebadilisha swichi. 95 na 94 zinafanana mno, na dalili ya poti iliyojishusha ni ya kila siku. Ambacho kingeokoa muda ni kuuliza, kabla ya kununua kifaa, dhana hii inatabiri namba gani hasa. Mwanafunzi aliuliza hivyo kwa sababu zoezi lake lilimlazimisha ahesabu. Maabara yenye mazoezi ya namna hiyo ina kitu ambacho kurugenzi haina muda wa kukifanya, na hapo ndipo ushirikiano wa pande hizi mbili unapopata maana.

Uamuzi wa kuitoa mashine ndio wenye ubishi. Kiufundi ulirudisha shida iliyokuwa imetatuliwa. Hata hivyo mimi niko upande wa mkurugenzi. Kifaa kisicho na mwenyewe, kinachopitisha trafiki ya mabweni yote na kuhifadhi walichokitafuta, hakiwezi kuachwa kwa kuwa kinafanya kazi nzuri. Ningemlaumu kwa jambo dogo: angeweza kusubiri mitihani iishe, maana diski ilikuwa imejaa na hakuna data mpya iliyokuwa ikiandikwa.

Wanaodhani tiba ni kuzuia majaribio kwenye mtandao halisi watazame lililotokea tarehe 27 Agosti 2010. RIPE NCC, shirika linalogawa anwani za intaneti Ulaya na maeneo jirani, pamoja na watafiti wa Duke University walitangaza njia moja ya BGP (itifaki ambayo mitandao ya intaneti huambizana njia) ikiwa na sifa ya majaribio. Kumbe baadhi ya ruta za Cisco zenye mfumo wa IOS XR zilikuwa na kasoro: ziliipokea sifa hiyo, zikaipotosha, zikaituma kwa majirani, na majirani wakakata mawasiliano nazo. Sehemu ya intaneti ya dunia ikayumba. Jaribio likasimamishwa ndani ya takriban nusu saa, na kasoro iliyokuwa imejificha ikajulikana na kurekebishwa. Athari yake ilikuwa kubwa kuliko sipiyu yetu kwa mbali, lakini lilikuwa na watu wanaolitazama na wanaojua pa kulizimia.

Baada ya kisa hiki kurugenzi na maabara walitembea pamoja vyumba vyote vya seva, wakifuata kila kebo hadi mwisho wake. Walikuta vifaa vingine vya miradi iliyokwisha ambavyo havimo kwenye mchoro: ruta ya majaribio ya IPv6 (kizazi kipya cha anwani za intaneti), na kompyuta mbili ndogo za ukubwa wa kiganja zilizokuwa zikipima Wi-Fi. Viwili vimepata wenyewe na tarehe ya kuondolewa. Kimoja bado kimewaka. Wanamtafuta mwanafunzi aliyekiweka.